Mwalimu, huyo mtoto si mtundu

SWALI: Shangazi, nimeanza kufunza gredi ya tatu huku Kayole, darasa limejaa, na kuna kijana mmoja hatulii kabisa, akiambiwa asome anaangalia dirisha tu. Wenzangu wanasema nimchape. Nifanyeje? – Mwalimu mpya

JIBU: Usimchape mwanangu, viboko vilikatazwa shuleni tangu 2001. Na usimpe jina la ugonjwa, hiyo si kazi yako, wewe andika tu unachoona kwa wiki mbili hivi, anachoka saa ngapi, anaelewa akiambiwa ama akionyeshwa, halafu umwite mamake mkae muongee polepole, maana wazazi wengi washaambiwa mtoto amerogwa na shule ikipiga simu wanaingiwa na baridi. Apimwe macho na masikio kwanza, wengine hawaoni ubao na hakuna anayejua! Kisha aende kituo cha EARC, vile vya kupima watoto wenye shida ya kujifunza, vilianza 1984 kwa kazi hiyo hiyo, ama KISE, ile taasisi ya elimu maalum pale Kasarani. Kwa sasa mkalishe mbele, mbali na dirisha, maagizo moja moja, na umtume agawe vitabu ndio ainuke kidogo. Ukipata ripoti niandikie, tupange masomo yake pamoja.