Kutoka Likoni hadi Kilele cha Uhuru

SWALI: Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa, na nimepanga kupanda Kilimanjaro nikiongozwa na waongoza watalii. Je, kukimbia ufukweni kila alfajiri kutanitosha?

JIBU: Mazoezi hayo yataimarisha miguu na pumzi, lakini hayauzoeshi mwili hewa nyepesi, kwani kileleni Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takribani nusu ya ile ya kwetu Pwani. Kwa hiyo nakusihi uchague safari ya siku 7 au zaidi, ijapokuwa ni ghali, ili mwili uzoee polepole. Kichwa kikiuma au ukitapika, mweleze kiongozi papo hapo bila kuona haya. Hali ikizidi, sharti ushuke. Nguo za baridi hukodishwa mjini Moshi, karibu na mlima.