Yule anayecheka chini ya ngazi za meli ni nani?

Ndugu yangu wa Iringa, umeuliza ni nani aliyeigiza mtu anayecheka gizani ndani ya meli katika Dracula, filamu ya mwaka 1931 kuhusu mfu anayenyonya damu za watu. Huyo ni Dwight Frye, mzaliwa wa Salina, Kansas, mwaka 1899, ambaye kabla ya filamu alikuwa mwigizaji wa jukwaani mjini New York, aliyeweza hata michezo ya kuchekesha.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi hapa Mbeya, usiku wa baridi ya Juni, na kila mara kicheko kile kinachotokea kooni huku meno yamebanwa hunitisha kuliko Dracula mwenyewe, kwa sababu mwanzoni mwa filamu tulimwona Renfield, yaani huyohuyo anayecheka, akiwa mtu nadhifu na mpole, aliyekwenda Transylvania kwa shughuli za nyumba tu.

Mwaka huohuo Frye aliigiza Fritz, msaidizi mwenye kibyongo wa mwanasayansi katika filamu ya Frankenstein. Wengi humwita Igor, lakini jina hilo halimo katika filamu ile.

Kinachoniuma ni kwamba umahiri huo ulimfunga, kwani baadaye alipewa zaidi nafasi ndogo za vichaa na watumishi wa kuogofya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi usiku katika kiwanda cha ndege. Alikuwa amepata nafasi ya heshima, ya waziri katika filamu kuhusu Rais Wilson wa Marekani, alipofariki kwa ugonjwa wa moyo Novemba 1943, akiwa na miaka 44.