Konokono wa nyumbani: mayai yametoka wapi, na yaende wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinafanana. Konokono wamepandana au wametaga, na mwenye nyumba ndiyo kwanza anatafuta habari. Naanza na lile linaloulizwa na wengi.

Nina konokono mmoja tu, nilimwokota bustanini mwezi wa pili. Juzi nimekuta mayai kwenye udongo. Mwenzake yuko wapi? (Entebbe)

Mwenzake alibaki bustanini, dada. Konokono wakubwa wa ukoo wa Achatina wakishapandana, kila mmoja huhifadhi mwilini mbegu alizopewa na mwenzake, akazitumia kwa mitago kadhaa. Kwa Lissachatina fulica, konokono mmojawapo wa ukoo huo, muda huo unaweza kufika mwaka mzima. Aliyeokotwa akiwa mkubwa mhesabu kuwa anazo mbegu, hata ukimfungia peke yake kabatini.

Sasa hayo mayai. Mtago mmoja wa fulica huwa na mayai 100 hadi 400, kila moja dogo kuliko mbaazi, yamefukiwa chini, mara nyingi kwenye kona ya sanduku. Kwa joto la Entebbe hutotoa baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo huna siku za kufikiri. Ukitaka watoto, bakiza matano. Mengine yaponde leo, au yatie kwenye mfuko uyaweke friza kwa saa 48. Asiye na friza ayamwagie maji yanayochemka na kuyaacha humo mpaka maji yapoe. Baada ya hapo ndipo yatupwe. Kila wiki chokoa udongo wote kwa kijiko hadi chini, maana wanaopekua juu juu ndio wanaoniandikia baadaye wakiwa na watoto 200 wasio na pa kuwaweka. Kuponda yai la siku moja ni huruma kuliko kuwaacha watoto hao wafe njaa ndani ya ndoo.

Nitamtambuaje dume na jike? (Mbale, Masaka, Arua na wengine)

Hakuna dume wala jike. Kila konokono wa aina hii ni huntha, ana viungo vyote viwili. Jambo hili lipo kwenye kila maelezo ya ufugaji, tafadhali lisiulizwe tena.

Wawili wangu wamegandana tangu saa mbili usiku, na shingoni mwao kumetoka kitu cheupe. Nimejaribu kuwatenganisha kwa maji. Je, mmoja ameumia? (Jinja)

Hajaumia, ila wewe ungeweza kumuumiza. Hicho cheupe ni viungo vya uzazi. Tundu lake liko upande wa kulia wa kichwa, nyuma kidogo ya pembe kubwa, na wakati mwingine halionekani kabisa.

Mambo huenda hivi. Anayeanza humfuata mwenzake kwa nyuma, akapanda juu ya gamba lake na kutambaa mpaka mbele, akiyumbisha kichwa na kumgusa kwa pembe na mdomo. Aliyepandwa akikubali hutulia na kugeuza kichwa; asipokubali hujikunja ndani ya gamba au huendelea na safari yake, na shughuli imeisha. Majaribio mengi huishia hapo, msidhani konokono wenu wana kasoro. Wakikubaliana, kila mmoja huingiza na kuingizwa kwa wakati mmoja, nao hukaa hivyo saa nyingi, pengine usiku kucha.

Ukiwavuta katikati ya shughuli, kiungo kinaweza kuchanika au kubaki nje. Usiwamwagie maji, usiwainue, usiwamulike kwa tochi kila dakika tano. Kama wameshaachana na kiungo bado kinaning'inia, mtenge huyo kwenye chombo kisafi kisicho na udongo, umtandikie karatasi laini iliyoloweshwa, umnyunyizie maji mara kwa mara ili nyama isikauke. Usiisukume ndani kwa kidole. Na tangu usiku huo hesabu siku: mayai huja baada ya wiki moja hadi tatu.

Konokono wangu mkubwa anakwangua gamba la mdogo mpaka limekuwa jeupe. Ni mapenzi? (Kampala)

Ni njaa ya kalisi, yaani madini ya chokaa. Wakati wa kuchumbiana mdomo hugusa mwili, hasa kichwa na shingo, kwa muda mfupi. Anayerudi kila siku kwenye gamba la mwenzake anatafuta chokaa, na asipoipata atalitoboa.

Nenda duka la vyakula vya kuku, nunua makombe ya ziwani yaliyosagwa, yale yanayochanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai. Nunua makombe matupu: chakula cha kuku kilichochanganywa kina chumvi, nayo chumvi ni sumu kwao. Maganda ya mayai pia yanafaa, yachemshe, yakaushe, yatwange yawe unga. Weka kijiko kikubwa kimoja cha unga huo kwenye kifuniko, kiwepo siku zote, kando ya nakati na dodo (mboga za majani) au tango wanalokula. Watenganishe wawili hao mpaka mdogo apone. Na mdogo asipandane kabla mdomo wa gamba lake haujawa mnene. Kutaga hunyonya kalisi nyingi, na anayetaga mapema hubaki na gamba jembamba.

Mmoja wenu ameniambia ametandika maganda ya kahawa kama kwenye banda la kuku. Yaondoe leo. Kahawa ina kafeini, na kafeini huua konokono. Tumia udongo wa bustani usiopigwa dawa, kina cha sentimita 10, wenye unyevu wa kushikamana ukiubana mkononi bila kutoa maji.

Nikimshika hutoa mlio kama filimbi. Anamwita mwenzake? (Gulu)

Hapana. Konokono hana masikio, mwenzake hasikii kitu. Anapojikunja kwa haraka hewa ya pafu husukumwa nje kupitia tundu la kupumulia, mara nyingine pamoja na povu. Maana yake umemshtua.

Basi wanazungumzaje? (huyo huyo wa Gulu)

Kwa ute na kwa harufu. Ute anaouacha nyuma una habari ndani yake, na mwenzake huufuata kwa kuuonja kwa pembe mbili fupi za chini, huku zile ndefu zikinusa hewa. Macho yaliyo kwenye ncha za pembe ndefu hutambua mwanga na giza, si sura. Ndiyo maana anayeosha kuta za sanduku kwa sabuni kila siku anawafutia barua zao zote. Futa uchafu kwa maji matupu mara moja kwa wiki, inatosha.

Nimeona video ya konokono wakichomana mshale. Wangu hawafanyi hivyo, kwa nini? (Mukono)

Mshale wa chokaa ni wa aina nyingine, kama Cornu aspersum wa Ulaya. Wale wa Achatina hawana. Hata huko mshale haubebi mbegu. Hubeba ute unaosaidia mbegu za mchomaji zisiangamizwe ndani ya mwenzake.

Gamba la wangu limezunguka kushoto, wenzake wote kulia. Atapata mwenza? (Bombo)

Kwa hao ulio nao, ni vigumu sana. Mwili wake umepinduka wote, hata tundu la uzazi liko kushoto, hivyo hawakutani. Uingereza, Chuo Kikuu cha Nottingham kilimtafutia mwenza konokono wa kushoto aliyeitwa Jeremy, na kabla hajafa mwaka 2017 alipata watoto. Wote magamba yao yalizunguka kulia. Usitegemee kuzalisha ukoo wa kushoto.

Wananiletea kichocho? (Hoima)

Hapana. Kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi. Hawa wa nchi kavu wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, inayodhuru ubongo wa mtu. Nawa mikono kwa sabuni kila ukiwashika, na usiwape watoto wadogo wawabusu.

Nimechoka na watoto 150. Niwaachie kwenye shamba la jirani? (Wakiso)

Usifanye hivyo. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliingiza fulica watatu Florida, Marekani. Miaka michache baadaye walikusanywa maelfu, kazi ikaisha 1975 kwa gharama kubwa ya serikali. Jirani yako ana mboga tu, hana serikali ya kumsaidia. Watie kwenye mfuko uliofungwa, friza saa 48, kisha uwafukie. Na wakubwa waliotaga watenge leo, kila mmoja sanduku lake, uendelee kupekua udongo wao kila wiki kwa mwaka mzima.