Epic au Ikon? Maswali yenu kuhusu pasi za milima mingi

Kila ikifika mwezi wa tatu bei mpya za pasi za skii (unalipa mara moja, unateleza msimu mzima kwenye milima mingi) zinatoka na barua zenu zinamiminika, mwaka huu nimechagua tano tu ili nisijibu kwa haraka haraka.

Dada habari za kazi. Tunaishi Denver, tuna watoto wawili wa miaka 7 na 10. Majirani nusu wana Epic nusu wana Ikon na kila mmoja anavutia kwake. Tunapanda mlimani wikendi nne au tano hivi kwa msimu, tukijaliwa na safari moja ya mbali. Tununue ipi? – Mama wa wawili

Mama wa wawili, nzuri, na asante kwa kuuliza mapema, maana ukingoja hadi desemba utakuta pasi zenyewe zimeshaacha kuuzwa na umebaki na tiketi ya siku, ambayo bei yake inatoa machozi. Sasa usianze na idadi ya milima. Hayo matangazo ya milima arobaini, milima sitini, yanavutia macho lakini wewe una wikendi tano na una gari moja, hutafika hata milima sita. Anza na siku zako na barabara yako.

Kwa Colorado picha iko hivi. Epic ni ya kampuni ya Vail Resorts, inakupa Vail, Beaver Creek, Breckenridge, Keystone na Crested Butte. Ikon ni ya Alterra, inakupa Winter Park, Copper, Steamboat, Eldora na Arapahoe Basin, pamoja na siku za kuhesabu huko Aspen Snowmass. Msimu wa 2025-26 Epic kamili ya mtu mzima ilianza dola 1,051 na Epic Local dola 783, Ikon kamili ilianza dola 1,329 na Ikon Base dola 909, na hizo ni bei za mwanzo kabisa, baada ya hapo zinapanda kidogo kidogo hadi msimu uanze. Wikendi tano ni kama siku kumi, na tiketi ya dirishani pale Vail siku za msongamano inapita dola 300, kwa hiyo pasi yoyote kati ya hizo italipa, hapo usiwe na wasiwasi.

Ila wewe una watoto wa shule na hapa ndo wengi wanakamatwa. Zile pasi za bei nafuu, Local na Base, zina siku zilizofungiwa, yaani siku ambazo pasi haifanyi kazi, na siku zenyewe ni zipi? Krismasi hadi mwaka mpya, wikendi ya Martin Luther King ya januari, wikendi ya Marais ya februari, yaani siku zile zile ambazo watoto wako nyumbani! Sio kila mlima unafungwa lakini Vail, Beaver Creek na Park City ya Utah kwa Epic Local zinafungwa, afu hizo Vail na Beaver Creek kwa Local ni siku 10 tu ukichanganya na Whistler ya Kanada. Kwahiyo kabla hujalipa chukua kalenda ya shule uiweke pembeni ya orodha ya siku zilizofungiwa, usimwamini jirani, jirani hana watoto wako.

Na kuna kitu majirani hawajakwambia: Vail Resorts wana mpango wa Epic SchoolKids wa Colorado, watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tano wanapata siku 4 za bure kwa kila mlima wao wa Colorado, ila lazima ujiandikishe kabla msimu haujaanza na dirisha la kujiandikisha linafungwa mapema. Hao wawili wako kama bado wako kwenye madarasa hayo, hesabu ya familia inageuka kabisa, unalipia wakubwa wawili tu. Ndo maana kwa nyumba yako ningeanzia Epic. Kama lakini barabara ya I-70 ya kupanda milimani inawamaliza, Winter Park kuna treni ya Amtrak inayotoka Denver Union Station wikendi za msimu wa baridi, watoto wanalala kwenye kiti na wewe hushiki usukani, na kuna familia ambazo hilo peke yake limewafanya wachague Ikon na siwezi kuwalaumu.

Shikamoo dada. Mimi niko Salt Lake City. Msimu mmoja nililipia pasi mwezi wa nne, nikaenda sikukuu nikakuta mlima mkubwa tu lifti nyingi zimesimama, foleni saa nzima. Nikauliza hela, wakaniambia pasi hairudishwi. Ni halali kweli? – Kijana wa Salt Lake

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwa masharti uliyobonyeza "nakubali" mwezi wa nne, ndio, wako ndani ya haki yao. Kwa haki ya kibinadamu ni habari nyingine na nitakwambia ninachofikiri.

Kwanza elewa pasi inafanyaje kazi. Mwaka 2008 Vail Resorts walipoitoa Epic kwa dola 579 watu walidhani wamechanganyikiwa, maana pasi ya msimu ya mlima mmoja mkubwa ilikuwa inapita dola 1,000. Hawakuchanganyikiwa. Walichokuwa wananunua ni uhakika. Biashara ya skii zamani ilikuwa inaomba Mungu theluji ishuke, isiposhuka watu hawaji na kampuni inaumia. Ukimuuzia mtu mwezi wa nne au wa tisa, hela iko benki kabla hata wingu halijakusanyika, theluji ije isije. Ile hasara ya mwaka mbaya haijapotea, imehamia kwako wewe uliyelipa. Na ili ukubali kuibeba, wakaifanya tiketi ya siku iwe ghali mpaka mtu mwenye akili zake asiinunue. Bei ya dirishani ni fimbo, na pasi ndo mahali pa kukimbilia.

Mimi nakubali sehemu ya theluji, mawingu hayana bosi. Kinachoniuma ni pale kilichokosekana ni watu na sio theluji. Park City, tarehe 27 desemba 2024 mpaka 8 januari 2025, walinzi wa mlima, wale wanaolipua maporomoko asubuhi na kubeba majeruhi, waligoma wakidai mshahara wa kuanzia utoke dola 21 kwa saa uende 23, wiki yenye wageni kuliko zote, na sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa wakati familia zimeshalipa ndege na hoteli. Dola mbili kwa saa! Mwishowe walizipata, lakini ile wiki ya watu haikurudi. Miaka mitatu kabla yake, Stevens Pass, mlima mwingine wa Vail Resorts kule jimbo la Washington, wafanyakazi walikuwa wachache mno hadi njia nyingi hazikufunguliwa, na wateleza zaidi ya 40,000 wakasaini malalamiko. Kama kampuni inachukua hela yangu mapema kwa sababu inataka uhakika basi na mimi wanipe uhakika kidogo, waandike kwenye masharti kwamba wiki ya sikukuu mlima ukiwa chini ya kiasi fulani na sababu sio hali ya hewa, mwenye pasi anapata punguzo msimu unaofuata. Inawezekana, maana 2020 corona ilipofunga milima mwezi wa tatu, Vail Resorts walitoa punguzo la kuanzia asilimia 20 hadi 80 kwa pasi ya mwaka uliofuata, hakuna aliyefilisika.

Kwa sasa ulichonacho ni hiki. Epic ina kinga inayokuja na pasi bila malipo ya ziada, ukivunjika mguu au ukapoteza kazi unaweza kudai sehemu ya hela, na baadhi ya sababu za mlima kufungwa zimo, lakini theluji kuwa haba haimo. Soma ule ukurasa kabla ya kulipa, ni mrefu unachosha lakini usome. Na kama kazi yako haikupi likizo ya uhakika, nunua zile za siku chache, Epic Day Pass ya siku 1 hadi 7, unachagua idadi na kundi la milima, siku zikiwa chache hasara nayo ni chache.

Dada, hivi foleni zote hizi zimeletwa na pasi au watu ndo wameongezeka? Hapa Seattle nikichelewa saa moja asubuhi sipati pa kupaki. – Mzee wa Kaskazini

Mzee shikamoo. Vyote viwili, ila pasi ina mkono wake na ushahidi upo. Mtu mwenye pasi haoni gharama ya kwenda leo, ameshalipa, kwahiyo taarifa ikisema usiku imeshuka theluji mpya wanaamka wote siku moja. Mlima wako wa Crystal, baada ya kuingia Ikon, msimu wa 2019-20 ulifurika mpaka wakasitisha kuuza tiketi za mlangoni wikendi. Arapahoe Basin nao walikuwa na Epic miaka mingi, pakingi ikawazidi nguvu, wakajitoa baada ya msimu wa 2018-19, wakasema tunataka watu wachache wenye furaha, wakaingia Ikon kwa siku zisizozidi 7 kwa kila mtu, na wateleza wa pale wakapumua kweli. Halafu 2024 Alterra wakaununua huo mlima. Niliposoma hiyo habari niliumia kidogo, maana ule ulikuwa mfano ninaowapa watu kwamba mlima unaweza kusema basi imetosha.

Jackson Hole ya Wyoming na Aspen nao walijitoa kwenye Ikon ya bei ya chini, ukiwataka unaongeza hela, na matokeo yake yanaonekana. Kumbe dawa ya foleni inajulikana, ni kuhesabu siku badala ya kuuza "bila kikomo" kwa kila mtu. Wewe mzee kama umestaafu nenda jumanne, pasi ile ile unapata mlima mwingine kabisa. Na kama bado una ajira, angalia kwanza mlima wako unataka buking ya pakingi siku gani, maana kuna watu wana pasi ya zaidi ya dola elfu mfukoni na wanarudishwa getini kwa sababu ya nafasi ya gari.

Sijawahi kuteleza hata siku moja, wenzangu ofisini Boston wote wana pasi wananiambia ninunue sasa hivi kabla bei haijapanda. – Mgeni wa theluji

Usinunue. Nasema kwa upendo kabisa, usinunue pasi ya msimu kabla hujajua kama unaipenda baridi ikiingia kwenye viatu vile vigumu! Tafuta mlima mdogo wenye kifurushi cha wanaoanza, yaani tiketi ya lifti ya chini, mwalimu na kukodi vifaa kwa bei moja, siku ya katikati ya wiki. Mlima mkubwa wa kifahari hauna faida kwako, utashinda kwenye mteremko mdogo wa kujifunzia popote uendapo, sasa mbona ulipie kilele ambacho hutakiona.

Na wewe ndo mtu ninayemhurumia zaidi kwenye mfumo huu wote. Mwenye pasi analalamika foleni lakini analipa kidogo kwa siku, anayekuja kujaribu tu ndo anabebeshwa bei ya dirishani, na watoto wa leo wasipojaribu sijui nani atateleza miaka ishirini ijayo. Ukija kuipenda, kabla ya Epic na Ikon iangalie Indy Pass, ilianza 2019, inakusanya milima inayojitegemea na midogo midogo, siku 2 kwa kila mmoja, kwa upande wenu huko kumekuwa na Cannon ya New Hampshire na Jay Peak ya Vermont. Bei yake ni ya kibinadamu, ila wanauza kwa idadi, zikiisha zimeisha. Na waulize wenzako wa ofisini wana ipi kabla hujalipa, maana nimeona marafiki wa miaka mingi wakiachana njiani kila jumamosi, huyu wa Epic anakata kushoto yule wa Ikon kulia, na hakuna mwenye dola 200 za kumfuata mwenzake. Wenye pasi kamili huwa wanapewa tiketi kadhaa za punguzo kwa rafiki, waombe hizo kwanza, ndo siku zako za majaribio.

Niko Munich. Ikon ina milima ya huku Ulaya, Zermatt, Chamonix na Dolomiti, ninunue? – Msomaji wa Ujerumani

Kama hutavuka kwenda Marekani, hapana. Huko kwenu tiketi ya siku bado ni ya kawaida, Dolomiti Superski ya Italia iko chini ya yuro 100 kwa siku na inafungua kilomita 1,200 za njia kwenye kanda 12, na hiyo wameifanya tangu 1974 kabla hawa Wamarekani hawajaanza. Kule milima mingi kwa tiketi moja haikumfukuza mtu wa siku moja. Ukitaka pasi ya msimu wa Uswisi angalia Magic Pass, iliyoanza 2017, nunua mapema bei ikiwa chini, na kabla ya kulipa angalia kama milima unayoifikia kwa treni imo kwenye orodha yao ya mwaka husika.