Mama aliyeuliza binti yake atibiwe na nani huku ughaibuni

Mama, shikamoo. Uliniandikia kwamba binti yako aliye masomoni ng'ambo amekonda, kwamba kila akimaliza kula anajifungia msalani, na ukimpigia simu ya video anaonyesha paji la uso tu. Ukauliza mambo matatu. Je, umtafutie mshauri nasaha wa nyumbani azungumze naye kwa simu kwa Kiswahili, au atafute wa huko huko? Huyo wa huko atamjuaje kuwa ni mtaalamu wa kweli? Na je, si afadhali arudi tu, umlishe mwenyewe? Wazazi wengine wenye watoto katika nchi tofauti wameniuliza hayo hayo, kwa hiyo ninawajibu nyote pamoja. Mimi niliugua bulimia, yaani kula kwa pupa kisha kujitapisha, nikiwa huku, nikatibiwa, nikapona. Sitazunguka.

Atafute wa huko huko. Awe mtu ambaye binti yako anaweza kumfikia kila wiki kwa miguu au kwa basi, akakaa naye chumba kimoja. Najua moyo wako unavutwa kwa mtu anayesema lugha yenu na kuzielewa familia zetu, lakini matatizo ya ulaji si huzuni ya kawaida. Ni ugonjwa wa akili unaoushambulia mwili moja kwa moja, na anoreksia, yaani kujinyima chakula hadi kukonda kupita kiasi, ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Mtu anayetapika kwa makusudi au kumeza dawa za kumfanya aharishe hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika, wakati mwingine bila dalili yoyote ya nje. Mshauri aliye upande wa pili wa simu hawezi kumpima uzito. Hawezi kumtoa damu wala kumwekea kipimo cha umeme wa moyo. Mtoto akianguka chumbani, mshauri huyo hajui hata ampigie nani.

Kuna jambo jingine ambalo walio nyumbani hawalioni. Huku unaweza kuugua muda mrefu bila mtu hata mmoja kujua. Unaoishi nao nyumba moja kila mtu anakula kwa saa yake, nyuma ya mlango wake. Hakuna anayekuita mezani, hakuna anayeuliza mbona sahani imerudi ilivyokwenda. Ugonjwa huu unapenda sana upweke wa namna hiyo, na mtu anayeonana na mgonjwa kupitia kioo cha simu ni rahisi mno kudanganywa. Mimi nilikuwa nawaambia wa nyumbani nimeshakula, na walikuwa wanaamini, maana wangejuaje?

Anaanzia wapi? Kwa daktari wa kawaida, yule anayetibu homa na malaria, wala asianzie kwa mtaalamu wa akili. Aseme waziwazi: natapika baada ya kula, au sili kabisa, au nakula kupita kiasi nisiweze kujizuia. Madaktari wengi hutumia maswali matano yaliyotungwa London na kuchapishwa mwaka 1999. Je, unajitapisha kwa sababu umeshiba hadi unajisikia vibaya? Una wasiwasi kwamba umeshindwa kuudhibiti ulaji wako? Umepungua zaidi ya kilo sita hivi ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene ilhali wengine wanasema umekonda? Chakula kimeyatawala maisha yako? Mtu akijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, anastahili kuchunguzwa. Hayathibitishi ugonjwa, ila yanamrahisishia kazi mtu anayeona haya kuanza kusimulia.

Daktari akimtazama na kusema "mbona uzito wako ni wa kawaida", asikubali kuondoka. Watu wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida kabisa. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017 na NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba huko, unasema bayana kwamba uzito au muda wa kuugua peke yake visitumiwe kuamua nani atibiwe. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wa rangi yetu hatufikiriwi haraka kuwa na ugonjwa huu. Wengi, wakiwemo baadhi ya madaktari, bado wanauona kuwa ni wa wasichana weupe wembamba. Hauko hivyo. Unawapata weusi, wanaume, watu wazima, na wanene pia. Kula kupita kiasi bila kutapika, ambako tangu 2013 kumeandikwa kama ugonjwa wenye jina lake katika kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani, mara nyingi huonwa na ndugu kama ulafi tu.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo lenye hatari kubwa. Msidhani kwamba kila mwenye kibao mlangoni huku amesomea. Inategemea nchi. Ujerumani, tangu sheria iliyoanza kutumika mwaka 1999, mtu hawezi kujiita mtaalamu wa tiba ya saikolojia bila leseni. Uingereza ni tofauti: yeyote anaweza kujiita mshauri au mtoa tiba ya mazungumzo, wakati cheo cha mwanasaikolojia wa kliniki na kile cha mtaalamu wa lishe wa hospitalini vinalindwa na sheria na majina yao yako kwenye daftari la umma ambalo mtu yeyote anaweza kulitazama. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, na kwa kawaida hata anayetibu kwa video lazima awe na ruhusa ya kufanya kazi katika jimbo ambamo mgonjwa ameketi wakati huo. Kwa hiyo kabla ya miadi ya kwanza, binti yako aulize cheo kamili na namba ya usajili, kisha aitazame mwenyewe kwenye daftari. Mtaalamu wa kweli haoni tabu kuulizwa.

Usajili hautoshi, hata hivyo. Mtu wa kwanza niliyekwenda kwake alikuwa na vyeti vyote. Alikuwa mpole, ananisikiliza, tunazungumza utoto wangu kikao baada ya kikao, na hakuwahi kuniuliza leo umekula nini. Nilipopungua alinisifu kwamba napendeza. Hakuwa mtu mbaya. Hakuujua ugonjwa huu. Nilitoka kwake nikiwa mgonjwa zaidi, na ndiyo maana nasema tena: tafuteni aliyezoea matatizo ya ulaji hasa, hata kama si mchangamfu, hata kama ofisi yake iko mbali kidogo.

Mtu huyo mtamtambua kwa simu moja. Aulizwe ameshawatibu wagonjwa wa namna hii, na anatumia tiba gani. Jibu zuri lina jina. Kwa mtu mzima huenda akataja ile tiba ya fikra na tabia iliyoundwa Oxford na Christopher Fairburn: kwa asiye na uzito mdogo huwa vikao 20 hivi, na kwa aliyekonda sana karibu 40. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 huenda akataja tiba ya familia iliyokuzwa katika hospitali ya Maudsley ya London miaka ya 1980, ambamo wazazi ndio wanaosimamia chakula mwanzoni. Aulizwe pia kama atampima uzito, na ni daktari yupi atakayefuatilia damu na moyo wakati tiba ikiendelea. Akisema "hayo ya mwili si kazi yangu" na asitaje anayeshirikiana naye, msiendelee naye. Akiahidi kuponya kwa wiki chache, au akianza kuuza vidonge na vyakula vya unga, kata simu.

Yule aliyenitibu alinisimamisha kwenye mizani siku ya kwanza, akaniuliza mara ngapi natapika bila kukunja uso, na akamwandikia daktari wangu nitolewe damu kabla hatujaongea jambo jingine lolote. Kisha akanipa karatasi ya kuandika kila nikilacho, pale pale ninapokila, pamoja na ninachojisikia. Kazi ya kwanza ilikuwa kula kwa saa: milo mitatu na vitafunio katikati, nisikae na njaa kwa saa nyingi, hata siku ambayo nimetapika. Nilidhani ananinenepesha. Baadaye nilielewa kuwa njaa yenyewe ndiyo iliyokuwa inanisukuma kula kwa pupa usiku na kisha kutapika. Kuna utafiti wa zamani unaoonyesha njaa inavyofanya. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wakaanza kuwaza chakula mchana na usiku, wakakusanya mapishi, wakawa wakali na wapweke. Hawakuwa wagonjwa, njaa ndiyo iliyowabadilisha. Basi ukimwona binti yako amekuwa mkali na msiri, usihesabu yote kuwa ni utovu wa adabu.

Foleni ni ndefu, hilo sitakuficha. Mahali pengi mtu husubiri miezi kabla ya kuonwa na kliniki maalumu ya umma, na wataalamu binafsi ni ghali kwa mwanafunzi. Asikae bure akisubiri. Daktari wa kawaida anaweza kuendelea kumpima damu na uzito. Kwa bulimia na kwa kula kupita kiasi, hatua ya kwanza inayopendekezwa kwa watu wazima ni kitabu cha kujitibu hatua kwa hatua, kikiambatana na vikao vifupi vya mtu anayemwongoza. Anoreksia haitibiwi hivyo. Vyuo vikuu vingi vina ushauri wa bure kwa wanafunzi, kwa kawaida vikao vichache tu. Ni mahali pazuri pa kupata barua ya rufaa, lakini si mahali pa kuutibia ugonjwa wenyewe.

Kuhusu viza, maana najua mnaogopa: kwenda kwa daktari si jambo la uhamiaji, na daktari ana wajibu wa kutunza siri. Kinachoweza kugusa viza ni kusimamisha masomo. Asisimamishe kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake.

Na lugha? Akitaka mkalimani, aombe. Ila aombe mkalimani wa simu aliye mji mwingine, asiyemjua, kwa sababu jamii zetu huku ni ndogo na habari hutembea. Binafsi nililia kwa Kiswahili na mtaalamu wangu akanisubiri nimalize. Hakuelewa neno, na tiba ilikwenda. Yule mshauri wa nyumbani uliyemfikiria si wa kutupwa, Mama. Mwendee wewe. Utahitaji mtu wa kukubeba katika hili.

Jiandae pia kwa jambo litakalokuumiza. Binti yako akiwa ametimiza miaka 18, mtaalamu wake hatakueleza chochote bila ridhaa yake, hata kama wewe ndiye unayelipa. Usigombane nao. Wewe unaruhusiwa kuwaambia unachokijua, na wao watasikiliza. Ukizungumza na mtoto, yaache maneno yote kuhusu mwili wake, hata ya kusifu. Usimwambie amekonda, usimwambie amerudi kupendeza. Mweleze ulichokiona na kwamba umeogopa: nimeona unajifungia kila ukila, nina hofu, nataka uende kwa daktari wiki hii, nitakaa nawe kwenye simu ukiwa njiani. Akikana leo, uliza tena baada ya siku chache. Mimi nilikana mara nyingi kabla ya kukubali.

Lakini asisubiri miadi yoyote, aende hospitali ya dharura siku hiyo hiyo, akizimia, akihisi moyo unakwenda ovyo au kifua kinauma, akitapika damu, akishindwa kusimama bila kushika kitu, au akisema hataki kuishi.

Umebaki na swali la kumrudisha nyumbani umlishe. Nalielewa kuliko unavyodhani, ila usilifanye haraka. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa wingi ghafla, fosfeti na madini mengine kwenye damu hushuka, na moyo unaweza kusimama. Madaktari walilijua hili kwa uchungu baada ya Vita Kuu ya Pili, wafungwa waliokuwa na njaa walipopewa chakula tele wakafa. Kurudi kunawezekana, na kwa wengine ndiko kunakofaa, hasa kama huko hana mtu hata mmoja. Kwanza daktari wa huko aseme kama anaweza kusafiri kwa ndege. Apewe barua yenye utambuzi wa ugonjwa, majibu ya damu na ya moyo, uzito wake wa miezi ya karibuni na tiba aliyoanza. Wewe tafuta mapema hospitali yenye daktari wa magonjwa ya akili na mtaalamu wa lishe wanaofanya kazi pamoja, uwapelekee barua hiyo, na upate tarehe ya kuonwa. Tarehe ikishapatikana, ndipo ukate tiketi.