Mnaoanza kazi za klearing, yaani kutoa mizigo bandarini, hili neno demareji mlijue vizuri

Vijana wanaokuja ofisini siku hizi wako vizuri kwa kweli, cheti cha forodha wanacho, TANCIS, ule mfumo wa forodha wa kompyuta, wanaichezea, HS code, namba ya aina ya bidhaa, wanaipata fasta kuliko sisi, ila mpe invoisi yenye neno demareji, yaani malipo ya kuchelewesha meli au kontena la mtu, uone. Anaisoma kama faini, anampigia mteja "bosi kuna faini bandarini", mteja anawasha moto kwa watu wa bandari ambao hata hawahusiki, na siku mbili zinapita watu wanarushiana maneno wakati mita inasoma tu.

Kwenye mikataba utalikuta limeandikwa demurrage. Waingereza wanalo tangu miaka ya 1600, walilichukua kwa Wafaransa wa zamani kwenye demorer, kukawia, na huko nyuma kabisa kuna Kilatini mora, ambayo ni kuchelewa. Mimi nawaambia vijana kila mkikutana nalo ulizeni swali moja tu: hapa kitu cha nani kimekaa kinasubiri? Ukishajua mwenye kitu unajua nani anadai, na siku zinahesabiwa kuanzia wapi.

Mwanzo kabisa kitu chenyewe kilikuwa meli. Mtu anakodi meli nzima kuleta ngano au mbolea, mwenye meli anampa muda wa kupakia na kupakua, unaitwa leitaimu, ukipita huo muda unalipia meli kwa kila siku inayokaa. Tuseme leitaimu ni siku 6 na demareji ni dola 15,000 kwa siku, ukapakua kwa siku 8 na nusu, utalipa siku 2 na nusu, dola 37,500, maana nusu siku nayo inahesabiwa. Ukiwahi kumaliza mara nyingi unarudishiwa kitu, inaitwa dispachi, na kawaida ni nusu ya kiwango cha demareji, yaani hapo ukimaliza kwa siku 4 unapata 7,500 mara mbili.

Sasa hapa ndo pa kukaa makini. Mkataba unaweza kusema Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, au mvua ikinyesha saa hizo zinatolewa. Sawa, lakini hiyo ni ndani ya leitaimu tu. Leitaimu ikishaisha kuna kanuni ya zamani ya Waingereza kwamba ukishaingia kwenye demareji umeingia, mvua inyeshe, Idi ije, Krismasi ije, inahesabiwa yote, labda mkataba uwe umesema wazi vinginevyo. Kwa hiyo anayefanya kazi ya meli za kichele, mzigo usiofungashwa kama ngano, lazima ajue NOR, ile notisi ya kwamba meli iko tayari, imetolewa saa ngapi, na ile SOF inayoandika kila kilichotokea saa kwa saa aipitie kabla haijasainiwa. Unakuta imeandikwa mvua saa mbili asubuhi hadi saa sita na wewe ulikuwepo gatini, mvua ilianza saa moja. Hilo lisaa ni hela.

Na msiiite faini. Kwenye sheria ya Uingereza, ambayo mikataba mingi ya meli inaifuata, ni fidia iliyokubaliwa kabla. Kuna kesi ya meli Eternal Bliss, ilibeba soya toka Brazil kwenda China, ikasubiri siku 31 nje ya bandari ya Longkou mpaka soya ikaota ukungu na kugandamana, mwenye meli akataka alipwe demareji na hasara ya mzigo juu yake. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya London ikasema hapana, kama kosa ni moja tu, kuchelewa kupakua, demareji imeshafunika yote. Mimi naona walipatia, mwenye meli alikubali bei mwenyewe.

Baadaye reli wakalichukua kwa mabehewa yaliyokaa bila kushushwa, na kontena zilipokuja (ile safari ya Ideal X ya 1956 toka Newark kwenda Houston ikiwa na kontena 58) likahamia kwenye kontena, na hapo ndo kwenu nyinyi.

Kontena likiwa na mzigo limekaa bandarini au ICD, yadi ya kontena nje ya bandari, zaidi ya siku za bure, kampuni ya meli inadai demareji, kwa sababu kontena ni lake. Likishatoka geti likakaa kwa mteja au njiani bila kurudi tupu, hiyo wengi wanaiita ditensheni, na mwenye kudai ni yuleyule. Storeji ni kitu kingine kabisa, ni eneo la bandari au la ICD, wao ndo wanadai. Kwa hiyo kontena moja lililokaa sehemu moja linaweza kula demareji na storeji kwa pamoja, siku za bure haziko sawa, kila mmoja ana tarifu yake, orodha yake ya bei, na kuna kampuni zinaunganisha demareji na ditensheni zikawa hesabu moja. Usikariri za jana, uliza kila shehena: siku za bure ngapi, zinaanza meli ilipofika au kontena lilipopakuliwa, wikiendi inahesabiwa? Uliza kwa imeili, sio kwa simu.

Wa transit, mzigo unaopita tu kwenda nchi nyingine, ndo wanaumia. Kontena la Lubumbashi limetoka Dar vizuri kabisa, lori limekaa foleni mpakani Tunduma, likakaa tena mpaka wa Kasumbalesa, halafu lirudi tupu njia ileile, na ditensheni haijui foleni. Ombeni siku za ziada kabla mzigo haujapakiwa kule unakotoka, muuzaji anapobuku meli, hapo ndo mnasikilizwa. Kontena likishafika mnaomba huruma tu.

Ukigugo hilo neno usishangae likikupeleka kwenye hela. Benki Kuu ya Uingereza zamani ilikuwa inakata peni moja na nusu kwa aunsi ukileta dhahabu upewe noti, hiyo nayo iliitwa hivyohivyo, na inaeleweka, wewe unaondoka na hela saa hiyo na dhahabu inabaki inasubiri kutengenezwa sarafu. Halafu mji wa Wörgl huko Austria, 1932, walitoa noti ambazo kila mwezi lazima ubandike stempu ya asilimia moja zisipoteze thamani, wakifuata mawazo ya mwanauchumi Silvio Gesell, ili mtu asikalie hela ndani. Mwaka uliofuata benki kuu yao ikapiga stop. Kazini halitakusaidia hilo ila ni tamu.

Mwisho, EIR, risiti ya makabidhiano ya kontena. Kontena tupu likirudi yadi dereva anapewa karatasi, wengine wanaiacha kwenye dashibodi inapauka na jua. Apige picha palepale na atume kwenye grupu, namba ya kontena, tarehe na saa vyote visomeke, maana invoisi ya ditensheni inaweza kuja baada ya wiki kadhaa na dereva keshahama kampuni.