Gari linatetemeka mlimani: nibadili gia wakati gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilijifunza udereva Tabora, na mwalimu wangu alinifundisha kwamba gia ya pili inaingia nikifika kilomita 20 kwa saa, ya tatu nikifika 40 na ya nne nikifika 60. Sasa ninaishi Kigoma na ninaendesha pikapu ya dizeli ya zamani, yenye gia tano, isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) wala saa ya kuonyesha mizunguko ya injini. Huenda nayo Manyovu ikiwa tupu na kurudi na mikungu ya ndizi na magunia ya maharage. Wakati wa kupanda inatetemeka na kutoa moshi mweusi, na wakati wa kushuka utingo wangu husisitiza niweke nyutro ili tuokoe mafuta. Je, zile namba za mwalimu hazifai? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Namba za mwalimu wako zinafaa kwa kazi aliyokupa: kuongeza mwendo, kwenye barabara tambarare, gari likiwa halijazidiwa na mzigo. Tabora karibu barabara zote ziko hivyo, na ndiyo maana hukupata tabu ulipokuwa huko. Lakini ukizitazama vizuri utaona kwamba hazisemi lolote kuhusu gari linalopoteza mwendo, na kupanda kuelekea Kalinzi, kwenye njia yako ya Manyovu, ni kupoteza mwendo karibu njia nzima.

Kinachoamua gia si mwendo wa gari peke yake, bali ni mizunguko ya injini kwa dakika ikilinganishwa na uzito wa kazi ambayo injini imepewa. Tuseme pikapu yako ina tairi na difu (gia za kwenye ekseli) za kawaida kwa magari ya aina hiyo. Ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, gia ya pili itaizungusha injini mara 2,700 hivi kwa dakika, ya tatu mara 1,800, na ya nne mara 1,300 tu. Barabara ni ile ile na mwendo ni ule ule, lakini katika gia ya pili injini ina nguvu ya kutosha kupanda, na katika gia ya nne inaburuzwa. Dizeli isiyo na turbo huvuta vizuri ikiwa kati ya mizunguko 1,800 na 3,000. Chini ya 1,500, huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, ndipo mtetemeko unapoanzia.

Nadhani linalokupata ni hili. Unaufikia mlima ukiwa na gia ya nne kwenye kilomita 60, mwendo unashuka hadi 50, kisha 40, na wewe unaendelea kukanyaga ukitumaini kwamba gari litajikaza. Pampu inaongeza dizeli kwa kuwa mguu wako umeiomba, lakini injini inayozunguka polepole haivuti hewa ya kuichoma yote. Dizeli isiyoungua vizuri inatoka nyuma ikiwa moshi mweusi, maana yake ni kwamba umeilipia na haijakusogeza. Madhara ya ndani ni makubwa zaidi: kila mlipuko unaikandamiza pistoni kwa nguvu na kwa muda mrefu, presha ya oili ikiwa ndogo kwa sababu pampu ya oili nayo inazunguka polepole, na beringi za krenki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ndizo zinazoubeba mzigo huo. Wapo madereva wanaoamini kwamba mlio wa juu ndio unaoua injini. Kwa magari ya milimani ninayoyafungua, gia kubwa kwenye mwendo mdogo imekuwa adui mkubwa zaidi.

Kwa kuwa huna saa ya mizunguko, tumia mguu na sikio. Ukiwa mlimani, ongeza mafuta kidogo tu, kisha usikilize. Mlio ukipanda na gari likaitikia, hata kama ni kidogo, gia uliyonayo inatosha. Mlio ukiwa mzito bila gari kuongeza mwendo, mkono wa gia ukaanza kutikisika na kioo cha pembeni kikacheza hadi usiweze kuona vizuri kilicho nyuma, umekwisha kuchelewa na unapaswa kurudisha gia mara moja. Dereva aliyezoea hangoji dalili hizo: anautazama mlima kabla ya kuufikia na kurudisha gia ya tatu gari likiwa bado na kilomita 50, kwa sababu kila sekunde ambayo klachi imekanyagwa mlimani gari linapunguza mwendo.

Kupoteza mwendo huko ndiko kunakobadilisha pia namba za kupandisha gia. Kwenye tambarare, ukitoka gia ya pili ukiwa na 40, unaingia ya tatu ukiwa na 40 ile ile. Kwenye mlima mkali unaweza kupoteza kilomita tano au zaidi kati ya kukanyaga klachi na kuiachia, na ya tatu inakupokea injini ikiwa tayari chini. Kwa hiyo ivute gia ya pili hadi 45 hivi, mlio uwe wa juu bila kupiga kelele, ndipo upandishe. Ukiona kwamba kila ukipandisha unalazimika kurudi, tulia katika gia ndogo hadi kileleni. Kwenda na gia ya pili kwa kilomita nzima hakuharibu chochote, mradi utazame mshale wa joto la maji. Jambo dogo la kuongezea: ziwa letu liko kwenye mwinuko wa takribani mita 770, na huko juu hewa ni nyepesi zaidi, hivyo injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kiasi. Hali hiyo haitoshi kuleta mtetemeko unaoueleza, ila ni sababu nyingine ya kutoing'ang'ania gia kubwa.

Sasa kuhusu utingo wako, na hapa sitazunguka: usimfuate. Ukiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana ya pampu, yaani kifaa kinachodhibiti dizeli inayokwenda kwenye injini, hukata dizeli. Ukiweka nyutro, injini inahitaji dizeli ili isizime. Ni kweli kwamba kwenye mteremko mdogo sana gari lililo kwenye nyutro husererekea mbali zaidi, na labda hapo ndipo imani hiyo ilipoanzia. Kwenye mteremko mkali, ambako utalazimika kushika breki, hakuna kinachookolewa. Breki zinabeba uzito wote wa ndizi na maharage peke yake, zinapata moto, na mafuta ya breki yakichemka pedali huzama hadi chini bila kushika. Wakati huo ukitaka kurudisha gia, gari linakwenda kasi na giaboksi inaweza kuikataa.

Madereva wengi wanaijua kanuni kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Kwako ina kasoro moja: unapanda mtupu na unashuka na mzigo. Ulipopanda kwa gia ya tatu, shuka kwa ya pili, na uichague kabla hujaanza kuteremka. Injini ikianza kulia sana, kanyaga breki kwa uthabiti hadi mwendo upungue, kisha achia kabisa zipoe, badala ya kuzigusagusa njia nzima. Usijaribu kurukia gia ya pili ukiwa na kilomita 70, kwa kuwa magurudumu yataisukuma injini kupita mizunguko 4,500 kwa dakika, kiasi ambacho dizeli nyingi za zamani hazikuundiwa, na hapo gavana haina msaada kwa sababu kinachozungusha injini si mafuta.

Kwenye tope la masika, chagua gia kabla ya kuingia na usiibadilishe hadi utoke. Mguu nao usikae juu ya pedali ya klachi wakati ambao hubadilishi gia, maana beringi ya klachi huisha bila wewe kujua.

Ukishaizoea njia kwa namna hii, utazame moshi tena. Ukitoweka, tatizo lilikuwa gia. Ukiendelea hata katika gia ya pili, injini ikiwa inazunguka vizuri, fungua eaklina (kichujio cha hewa) kwanza, kwa kuwa vumbi la barabara zetu za udongo huiziba upesi. Ikiwa safi, peleka nozeli, zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, zikapimwe kwa fundi wa pampu.